Kufikika kwa virutubisho: kazi ya meno kwenye karanga na korosho

Chukua kizio cha nazi, banua kipande cha nyama yake, kitie kwenye maji ya uvuguvugu. Subiri utakavyo, tui hulioni. Ikune nazi hiyohiyo kwa mbuzi, uikande na kuichuja, maji yanageuka meupe papo hapo. Mafuta yalikuwamo tangu mwanzo, ila yalikuwa yamefungiwa.

Hiyo ndiyo dhana ya kufikika kwa virutubisho: kiasi kinachotoka ndani ya chakula hadi vimeng'enya vya tumbo na utumbo, yaani kemikali zinazovunjavunja chakula, vikaweza kukigusa. Pakiti ya korosho inakutajia kilichomo. Kitakachotoka ni habari nyingine, na mbuzi wa kukunia hapa ni magego yako.

Kinachofunga ni ukuta wa seli. Lozi, kwa mfano, huhifadhi mafuta, protini na vitamini E ndani ya seli zenye upana wa takriban mikromita 35 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kila moja imezungushiwa ukuta wa nyuzinyuzi ambao vimeng'enya vyetu haviwezi kuuyeyusha. Chembe ya milimita moja, ambayo ulimini unaiona imeshakuwa unga, bado ina maelfu ya seli nzima katikati. Zilizopasuka ni za pembeni tu. Zisizopasuka hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wakazimega kiasi, zilizobaki zikaishia chooni na mafuta yake.

Na chooni ndiko watafiti walikokwenda kupima (kazi ya watu hiyo). Mwaka 2009, huko Marekani, watu 13 walipewa gramu 55 za lozi wazitafune mara 10, 25 au 40 kila wanapotia kinywani. Walipotafuna mara 10, mafuta yaliyotoka na choo yalikuwa mengi zaidi. Utafiti mwingine wa 2012 ulionyesha kwamba gramu 28 za lozi, zinazohesabiwa kuwa na kalori kama 170, ziliupa mwili takriban 129 tu. Zikikaangwa hutoa zaidi kidogo kuliko mbichi. Zikisagwa kuwa siagi, pengo karibu lote linakwisha.

Kwa hiyo mama anayetwanga karanga kwenye kinu ili aungie mchicha anawatafunia wenzake kabla hawajakaa mkekani. Bibi asiye na magego atanufaika zaidi na karanga hizo kuliko za kukaanga anazozimung'unya na kumeza vipandevipande. Mtoto wa chini ya miaka mitano naye apewe zilizosagwa, ingawa kwake sababu kubwa ni kwamba punje nzima inaweza kumpalia.

Anayeangalia uzito wake ana hesabu ya kinyume: kijiko cha siagi ya karanga na kiganja cha karanga nzima vinaweza kulingana kwenye mizani, lakini kijiko ndicho kitakachompa mafuta mengi zaidi.