Takwimu za zahanati zimfae kwanza anayezihesabu

Kazi yangu ni mifumo ya taarifa za afya, na nimeshuhudia miradi mingi ya tehama ikizinduliwa kwa shangwe, ikigawa vishikwambi na kuendesha mafunzo hotelini, kisha ikanyamaza mara tu mfadhili alipofunga hesabu zake. Kwa hiyo napenda kueleza habari za mfumo mmoja ambao haukunyamaza, yaani DHIS2, programu ya kompyuta ya kukusanya na kuchambua takwimu za vituo vya afya, kwa kuwa historia yake inaonyesha vizuri ni nini kinachoufanya mfumo udumu.

Asili yake ni Afrika Kusini. Mwaka 1994, utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokwisha, nchi ilirithi huduma za afya zilizogawanywa kwa rangi na kwa maeneo, kila upande ukiwa na fomu zake, hata ikawa vigumu kupata picha kamili ya wilaya moja. Watafiti na wanaharakati wa afya wa Cape Town, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, walianza kwa kujadiliana na wahudumu kuhusu takwimu chache wanazozihitaji ili waamue mambo palepale wilayani. Kompyuta zilifuata baadaye. Toleo la pili la programu yao, ndilo DHIS2, ambalo ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, na hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti, lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006.

Kenya ililifanyia majaribio mkoani Pwani mwaka 2010, na hapo ikabainika kwamba hapakuwa na haja ya kusimika programu katika kila kompyuta ya wilaya na kuhangaika na virusi na marekebisho ya kila mara. Modemu ndogo yenye laini ya simu ilitosha kumfikisha mtumishi kwenye seva moja ya taifa, yaani kompyuta kuu inayohifadhi takwimu zote. Mwaka uliofuata mfumo ulisambazwa nchi nzima, na Tanzania nayo ikakamilisha usambazaji wake mwaka 2013, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakifanya kazi bega kwa bega na wizara ya afya.

Hata hivyo, seva haina thamani zaidi ya kitabu kinachoilisha. Mwisho wa mwezi muuguzi wa zahanati hufungua rejista za MTUHA, yaani vitabu vya kuandikia wagonjwa na huduma walizopata, akahesabu mstari kwa mstari na kujaza fomu ya majumuisho, mara nyingi baada ya kuwahudumia wagonjwa kutwa nzima. Tuchukue mfano wa chanjo ya Penta, inayokinga magonjwa matano, ambayo mtoto huipata mara ya kwanza akiwa na wiki 6 na mara ya tatu akiwa na wiki 14. Ikiwa watoto 40 walipata dozi ya kwanza na 28 tu ndio waliofikia ya tatu, basi watoto 12, yaani asilimia 30, wamepotea njiani. Hesabu hiyo mfumo huifanya papo hapo. Ikiishia kwenye ripoti ya makao makuu, watoto hao watabaki bila kinga kamili. Ikirudi zahanati, muuguzi atafungua rejista, atatafuta majina na vitongoji, na kumtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii akawafuate nyumbani. Na muuguzi aliyewahi kuona idadi yake ikimrudia kwa namna hiyo huhesabu kwa uangalifu zaidi mwezi unaofuata. Kwa maoni yangu, hapa ndipo fedha nyingi zaidi zingewekezwa, na ndipo zinapowekwa kidogo mno.

Kinyume chake ni pale kila mradi unapokuja na fomu yake na programu yake ya simu, ili muuguzi yuleyule aandike jambo lilelile mara tatu. Wizara ya Afya ya Uganda ililikabili tatizo hili Januari 2012 kwa kusitisha miradi mipya ya afya ya kielektroniki hadi pale itakapopata idhini ya wizara, kwa sababu majaribio yalikuwa yamezagaa bila kuunganishwa wala kuendelezwa. Nauona uamuzi ule kuwa wa busara, ingawa uliwakera baadhi ya wafadhili.

Wizara ikitaka kuumiliki mfumo wake kwa namna hiyo, inahitaji wataalamu wa nyumbani wanaoweza kuufungua mfumo na kuubadilisha bila kusubiri mshauri kutoka nje. Sri Lanka ilikuwa nao. Januari 2020, wataalamu wa huko pamoja na wizara yao ya afya walitengeneza ndani ya DHIS2 sehemu ya kufuatilia wasafiri walioingia nchini kutoka maeneo yenye maambukizi ya korona, wakati ambapo nchi nyingi tajiri zilikuwa bado hazijajipanga. Kwa kuwa programu ni huria, kazi yao ilichukuliwa na nchi nyingine, na baadaye manispaa za Norway, nchi iliyofadhili mfumo huu kwa miaka mingi, zikautumia mfumo huohuo kufuatilia waliokutana na wagonjwa.