Betri ya spika iliyoandikwa 9900mAh, haina 9900mAh

Wiki hii peke yake nimeletewa spika tatu, tatizo moja, maneno yale yale: "fundi nimeweka betri kubwa kuliko ile iliyokuja nayo lakini haikai na chaji, nahisi bodi imekufa." Bodi haijafa! Nimelisikia hili mpaka basi, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu katoa hela yake kwa nia nzuri kabisa, kang'oa betri iliyochoka kaweka mpya iliyo mbovu kuliko ile aliyoitoa.

Basi tuanze na hilo maana ndo baba lao. Watu wanaamini ukitaka spika ikeshe unatafuta seli (kipande kimoja cha betri) yenye namba kubwa ya mAh, yani milliampea-saa, kipimo cha chaji inayobeba, kwenye ganda, wakiona 6800 wanaacha 3000, wakiona 9900 wanaacha 6800, na muuzaji naye anajua ivo ivo.

Iko hivi. Ile seli ya duara iliyomo kwenye spika nyingi inaitwa 18650 na jina lenyewe ndo vipimo vyake, upana wa duara milimita 18, urefu 65, sifuri ya mwisho inaonyesha tu kwamba ni ya duara. Kwa hiyo kopo ni lile lile, awe ameitengeneza nani. Sasa Panasonic, Samsung, LG, watu ambao kazi yao ya miaka yote ni kubana umeme mwingi kadri inavyowezekana ndani ya hilo kopo, seli zao nzuri za saizi hiyo zinafika kama 3500mAh, na zipo chache mpya zinazogusa 4000. Hapo ndo mwisho wa teknolojia ilipo. Anayeandika 9900 kwenye kopo hilo hilo anadanganya, hamna lugha nyingine ya kulisema, na mara nyingi ukipima unakuta 1000 au chini yake.

Moja niliifungua mbele ya mwenyewe kwa sababu aligoma kabisa kuniamini. (Niliimaliza chaji kwanza na tulikuwa nje, nimevaa glovu na miwani, wewe usifungue seli hata siku moja.) Nikakata ukingo wa juu taratibu, ndani kukamwagika unga mweupe kama chokaa, na katikati ya huo unga kuna kiseli kidogo chembamba kimechomelewa kwenye kifuniko. Yani kopo lote lile ni nyumba ya kiseli kimoja na unga wa kujazia nafasi ili ukiishika mkononi usishtuke. Yule bwana alikaa kimya muda, akaniuliza kwahiyo spika yangu nzima? Nzima kabisa, nikamwekea seli ya kweli ya 2600 akaondoka, na mziki ulipiga kuliko siku zote alizokaa na hiyo "9900" yake.

Utaijuaje bila kuipasua? Ipime uzito, mizani ndogo ya jikoni inatosha. 18650 ya kweli yenye chaji ya maana inacheza gramu 45 mpaka 50, ile ya unga unakuta 30 na kitu, nyingine hata 30 haifiki. Uzito peke yake unaweza kukudanganya maana unga nao unaongezwa, kwahiyo kipimo ninachokiamini mimi ni muda wa kuchaji. Kama spika yako inachaji kwa ampea 1 basi seli ya 3000 iliyoisha inatakiwa ile masaa matatu na zaidi kidogo, kwa sababu mwishoni chaji hupungua kasi. Ikijaa ndani ya dakika 50 ujue haikuingia hata 1000, hesabu haidanganyi hata kama ganda linadanganya.

Na kabla hujalalamika kwamba spika yako imeandikwa 5200 au 10000 na mimi nasema haiwezekani, angalia ndani kuna seli ngapi. Mbili za 2600 zikifungwa sambamba, chanya kwa chanya hasi kwa hasi, mAh zinajumlishwa na volti zinabaki 3.7. Zikifungwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti zinakuwa 7.4 na mAh zinabaki 2600. Watu wanachanganya hapa kila siku. Ushauri wangu ni soma Wh (wati-saa) kwenye betri ya zamani, yani volti mara ampea-saa (mAh gawa kwa 1000), hiyo ndo inakwambia umeme wote uliomo bila kujali zimefungwaje.

Sasa kuna wengine wako upande wa pili kabisa, wanaogopa eti mAh nyingi zitaunguza bodi. Hapana. mAh ni ukubwa wa tenki, spika inavuta inachohitaji tu, ukiweka 3400 ya kweli pale palipokuwa na 2200 utachaji muda mrefu zaidi na utasikiliza muda mrefu zaidi, basi. Kinachounguza ni volti. Ya 3.7 weka 3.7, ya 7.4 weka 7.4. Na zile seli za kwenye taa za sola zilizoandikwa 3.2 msiziweke kwenye spika jamani, hiyo ni kemia nyingine, inajaa kwenye 3.65 na spika yako itaendelea kuisukuma mpaka 4.2.

"Plagi imeingia kwahiyo ndo yenyewe." Hii imenipa bodi nyingi zilizoungua kweli kweli. Hizi plagi ndogo nyeupe hazina utaratibu mmoja, kiwanda hiki kinaweka chanya kushoto kingine kulia, plagi inaingia vizuri na waya nyekundu imekutana na hasi. Pima kwa mita ya kupimia umeme kabla hujachomeka, sekunde kumi tu. Ukikuta zimepishana, unainua kile kijiulimi cha plastiki kwa sindano, unachomoa pini unazibadilisha, mojamoja, zisigusane.

Spika ikizima ukiongeza sauti watu wanasema ampu, yani kikuza sauti, imekufa. Mara nyingi ni betri imezeeka, ukinzani wake wa ndani umepanda, besi ikigonga inataka ampea nyingi kwa mpigo, volti inaporomoka na bodi inajizima. Ichomeke kwenye chaja upige tena, ikitulia umeshapata jibu.

Kuchaji masaa nane mara ya kwanza, au kuimaliza mpaka izime ndo uchaji, hayo ni mambo ya betri za zamani za nikeli. Lithiamu haitaki hayo, na kuimaliza kila mara ndo kunaiua haraka. Spika unayoihifadhi kabatini iache na chaji ya nusu.

Iliyovimba haitobolewi! Nimeona mtu kaja na betri bapa aliyoitoboa kwa pini "ili gesi itoke", bahati yake haikuwaka. Ikivimba itoe, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, peleka wanapokusanya taka za umeme. Na iliyolala kwenye sifuri miezi kadhaa usiiamshe kwa kuigusisha na betri nyingine, shaba ya ndani inakuwa imeshayeyuka, ukiichaji inaweza kupiga shoti yenyewe kwa yenyewe.

Kwa betri bapa, namba zake nazo ni vipimo. 503450 maana yake unene milimita 5, upana 34, urefu 50, na saizi hiyo inabeba kama 1000mAh, kwahiyo ukiiona imeandikwa 3000 unajua cha kufanya. Seli za duara nunua zenye vibati vilivyoshachomelewa, usichome risasi ya kuunganishia waya moja kwa moja kwenye kichwa cha seli, ule moto unaharibu ndani.

La mwisho ni waya wa tatu. Betri mpya imekuja na waya mbili, ya zamani ilikuwa na tatu, basi mtu anaukata huo wa katikati anasema ni wa ziada. Ule mara nyingi ndo unapeleka taarifa ya joto la betri kwenye bodi, bila huo spika nyingi zinagoma kuchaji kabisa halafu unarudi palepale kwenye "bodi imekufa." Mwisho wa huo waya kuna kidude kidogo kama punje, ndo kinachopima joto, na ukikipima ukinzani kwa mita, kwenye spika nyingi kinasoma kilo-omu 10 hivi. Kitoe kwenye betri ya zamani, kilaze kwenye ubavu wa seli mpya kigusane nayo vizuri, kifunge na tepu inayostahimili joto, halafu ndo ufunge spika.