Mlango wa Gereji Haubebwi na Mota: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mlango wa gereji ya magari mawili unaweza kuzidi kilo 100, na watu wa nyumba nzima, watoto wakiwemo, hupita chini yake kila siku. Hata hivyo wengi huuchukulia kama mlango mwingine wowote, ila huu una rimoti. Karibu dhana zote potofu kuuhusu zinatokana na jambo moja: watu hawajui uzito ule unabebwa na nini.

"Mota ndiyo inayoinua mlango."

Hapana. Wanaoubeba mzigo ni springi. Kuna springi za msokoto, zilizovishwa kwenye shafti ya chuma juu ya mlango, na kuna za kuvutika, zinazokaa pembeni sambamba na reli za juu. Waya za chuma zinatoka pembe za chini za mlango na kuuunganisha na springi hizo, ili uzito wa mlango na nguvu ya springi vilingane. Vikilingana sawasawa, mtu mzima anaweza kuuinua mlango kwa mkono mmoja. Kazi ya mota ni kuanzisha mwendo, kuuongoza na kuusimamisha.

Sasa fikiria mlango ukiwa umefungwa, kimya, hakuna anayeugusa. Hapo ndipo springi zimekazwa kuliko wakati mwingine wowote. Anayeona mlango umetulia akadhani hauna nguvu ndani yake, ndiye ninayemhofia zaidi.

"Ukigoma, bonyeza tena na tena, mwisho utafunguka."

Mlango ukiinuka sentimita chache kisha ukasimama, au ukipanda upande mmoja huku mwingine ukibaki nyuma, inawezekana springi imekatika au waya umechomoka. Springi ya msokoto ikikatika hutoa mlio mkali kama wa risasi, na ukitazama juu utaona pengo la sentimita kadhaa katikati ya mizunguko yake. Kuendelea kubonyeza rimoti ni kuilazimisha mota kubeba mzigo ambao haikuundiwa. Gia zake husagika, na mlango unaweza kuchomoka kwenye reli.

Hapa kuna kosa jingine ambalo watu wenye busara kabisa hulifanya. Wanaivuta ile kamba nyekundu ya dharura mlango ukiwa wazi, ili waushushe kwa mkono. Kamba ile hutenganisha mlango na mota. Kama springi ni nzima, hakuna shida. Kama imekatika, kilichokuwa kinauzuia mlango kuanguka ni mota peke yake, na umeiondoa. Kamba hiyo ivutwe mlango ukiwa umefungwa. Ukikwama juu na una shaka na springi, usiiguse, na asipite mtu chini yake mpaka fundi afike.

"Kubadilisha springi ni spana, bisibisi na nusu saa ya video."

Springi ya msokoto ya mlango wa kawaida hukazwa kwa robo mizunguko inayokaribia 30. Nguvu yote hiyo inashikiliwa na skrubu chache zilizo kwenye kifuniko cha mwisho wa springi. Mwenye ujuzi huingiza nondo mbili za chuma zenye unene unaolingana na matundu ya kifuniko, na haondoi moja kabla ya nyingine kushika barabara. Asiyejua huchomeka bisibisi. Bisibisi huteleza au hupinda, springi hujifungua kwa kishindo, na chuma kile huishia kwenye mkono, meno au jicho.

Hata aliyenusurika hapo bado ana tatizo la vipimo. Springi huchaguliwa kwa unene wa waya wake, kipenyo cha ndani, urefu, na upande ilikosokotwa, kulia au kushoto. Ukiweka isiyolingana na uzito wa mlango, mlango utafunguka, ndiyo, lakini hautakuwa na mizani, na mota itabeba tofauti hiyo kila siku.

Springi za kuvutika zinaonekana za kirafiki zaidi, lakini zikikatika hurushwa kama mshale. Kila moja inapaswa kuwa na waya wa usalama uliopita katikati yake ili ikikatika ibaki papo hapo. Kama zako hazina waya huo, hiyo peke yake ni sababu ya kumwita fundi.

Jambo ninalotamani kila mwenye gereji alijue ni kuhusu vile vishikizo vya pembe za chini, pale waya unapofungwa kwenye mlango. Baadhi ya watengenezaji huvipaka rangi nyekundu. Bolti zake ni za kawaida na ziko usawa wa mkono, kiasi kwamba mtu anayekaza bolti zilizolegea atavifikia bila kufikiri. Ukifungua bolti hizo springi zikiwa zimekazwa, umeuachia mzigo wote mara moja.

"Springi zikiwekwa, zimewekwa."

Springi nyingi za nyumbani zimeundwa kwa takriban mizunguko 10,000, na mzunguko mmoja ni kufungua na kufunga. Nyumba inayoutumia mlango mara 4 kwa siku inafikia hapo kabla ya kutimiza miaka 7. Kama mlango una springi mbili na moja imekatika, ya pili ina umri uleule. Zibadilishwe zote.

"Kuna sensa, kwa hiyo watoto wako salama."

Sensa za mwanga huwekwa chini, kwa kawaida si juu ya sentimita 15 kutoka sakafuni, na zinaona mstari mmoja tu. Gari lililosimama kizingitini linaweza kuwa na magurudumu pande zote mbili za mstari huo, na sensa zisione chochote. Isitoshe, kwenye mota nyingi ukishikilia kitufe cha ukutani bila kukiachia, mlango utashuka hata sensa zikiwa zimezibwa. Ndiyo maana kitufe hicho hufungwa angalau mita 1.5 kutoka sakafuni, mtoto asikifikie.

Ulinzi wa pili ni mlango kurudi juu wenyewe ukigusa kitu, na huu mtu yeyote anaweza kuupima kila mwezi. Laza kipande cha mbao chenye unene wa takriban sentimita 4 sakafuni katikati ya mlango, kisha ufunge. Ukigusa mbao lazima urudi juu mara moja. Kisha fungua, ufunge tena, na katisha mwanga wa sensa kwa fimbo, urudi vilevile. Ukishindwa jaribio lolote kati ya hayo, acha kutumia mota. Nchini Marekani mota za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia Januari 1, 1993 zinatakiwa kisheria kuwa na ulinzi wa ziada kama sensa hizo. Mota ya kale isiyo nao, kwa maoni yangu, haifai kukarabatiwa. Ibadilishwe.

Mambo ambayo ni yako kabisa: kufuta vumbi kwenye sensa na kuzinyoosha zitazamane, kusafisha reli bila kuzipaka grisi, na kupaka mafuta ya silikoni au grisi ya lithiamu kwenye bawaba na magurudumu ya chuma.

"Mradi unafunguka, ni mzima."

Mota huficha maradhi ya mlango. Ufunge, vuta kamba nyekundu, uinue kwa mkono hadi nusu, kisha legeza mkono polepole, vidole vikiwa mbali na maungio ya vipande vya mlango. Ukibaki pale, mizani iko sawa. Ukishuka, ukipaa, au ukiwa mzito mno kuinuka, usiendelee. Ushushe taratibu na umwite fundi. Umpe masharti pia: apime springi badala ya kukisia, na kabla hajaondoka afanye jaribio hili la mizani na lile la mbao mbele ya macho yako. Wakati unamsubiri, chomoa plagi ya mota na uweke rimoti mbali na watoto.