Nagona Haina Kiswahili Kigumu

Nimesahihisha tena insha ya mwanafunzi inayodai kwamba riwaya ya Nagona haieleweki kwa sababu mwandishi wake, Mtanzania Euphrase Kezilahabi, "ametumia lugha ngumu ya kifalsafa". Jamani! Mpe mtoto wa darasa la saba ukurasa wa Nagona (1990) au wa riwaya yake nyingine, Mzingile (1991), asome kwa sauti. Atateleza nao. Sentensi nyingi ni fupi, vitenzi ni hivi hivi vya kila siku.

Kilichong'olewa ni uhusiano wa sababu na matokeo. Katika riwaya yake ya awali, Gamba la Nyoka (1979), vijiji vya Ujamaa vinaanzishwa, watu wanapinga, mambo yanazaana. Katika Nagona, huyo "mimi" anayesimulia yuko hapa, mara yuko kwingine, na -ka- ya masimulizi inaendelea na kazi yake kama kawaida: nikaenda, nikafika, nikakuta. Sarufi inaahidi mfuatano ambao matukio hayautoi. Ufundi umekaa hapo, na ndipo wanafunzi wangu wanapopita mbio wakitafuta msamiati mgumu wa kupigia mstari.

Tena -ka- hiyo tumelelewa nayo. Kwenye ngano sungura akizungumza hatuulizi amejifunzia wapi. Msafiri akikutana na kikongwe njiani, tunangoja aambiwe la kufanya. Kezilahabi anatuita kwa sauti hiyo ya jioni, kisha anatunyima sehemu ambapo kikongwe angesema jambo la kueleweka. Kwa hiyo anayeniambia "ameiga Wazungu" amesikia nusu tu. Nietzsche, yule mwanafalsafa Mjerumani, yumo, ndiyo. Bibi yako pia yumo.

Mwingilianomatini, yaani kazi moja kuazima au kurejelea kazi nyingine, nitaupitia haraka. Katika riwaya ya Bina-Adamu! ya Wamitila (2002), mhusika P.P. ni Peter Pan, yule mvulana wa hadithi za Kiingereza asiyekua. Vizuri, umemtambua. Sasa niambie anafanya nini humo, maana kutaja jina si uhakiki.

Riwaya hizi huwekwa chini ya jina la usasaleo (postmodernism kwa Kiingereza), na jina hilo lenyewe, sasa, linanisumbua kuliko vitabu vya nadharia vinavyokubali. Tunafundisha kwamba usasaleo hauamini ukweli mmoja. Lakini msafiri wa Nagona bado anautafuta, tena kwa juhudi. Na katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), babu anatoka kuzimu kumwonyesha mjukuu wake K, kigogo wa serikali, uozo aliousababisha. Riwaya hiyo inajua vizuri sana nani amekosa. Mipaka ya walio hai na wafu imevunjwa, hasira ya kisiasa imebaki nzima. Wengine husema tuite uhalisiamazingaombwe, yaani miujiza kusimuliwa kama mambo ya kawaida. Nalo linafaa kwa Babu, kwa Nagona linabana mabegani.

Darasani nalitumia usasaleo kwa kuwa wanafunzi watalikuta kwenye mtihani. Halafu tunafika Mzingile, msimulizi ametumwa kumpelekea mzee taarifa ya kifo cha mwanawe, mzee ambaye wengi tunamsoma kuwa ni Mungu, na darasa zima linanitazama usoni kuona kama inaruhusiwa kucheka. Mimi hucheka. Mwenzangu wa ofisi ya pili husoma kurasa hizo kama msiba, na bado hajanishawishi, wala mimi sijamshawishi.