Kabla hujanunua CDI nyingine: umeme wa mashine kuukuu za boti

Kila msimu wa kusi unapokaribia, sisi wakaguzi wa vyombo vidogo tunaletewa malalamiko ya aina moja. Mashine imezimika majini, fundi kasema CDI (kile kisanduku kinachokusanya umeme na kuuachia kwenda kwenye plagi) imekufa, CDI mpya imenunuliwa na kufungwa, na mashine bado haiwaki. Mwenye chombo anakuja ofisini kulalamikia bei ya vipuri, jambo ambalo si letu, kisha anashangaa tukimuuliza klipu ya kamba ya kuzimia, ile anayojifunga nahodha ili mashine izime akianguka, iko wapi.

Makala hii inahusu mashine za kupachika za zamani, hasa za mipigo miwili, kama hizi Yamaha Enduro zilizojaa kwenye madiko yetu ya pwani na mialo ya Ziwa Victoria. Mashine mpya zenye kompyuta zina utaratibu wake na kifaa chake cha kusomea hitilafu. Hizo msizipekue kwa maelezo haya.

Tuanze na dhana inayotuchosha kuliko zote: kwamba plagi haitoi moto kwa sababu betri imeisha. Kwenye mashine nyingi za aina hii betri haina habari na moto wa plagi. Sumaku zilizo ndani ya flaiwili (gurudumu zito la juu ya mashine) zikizunguka, koili (waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi) iliyo chini yake inazalisha umeme, CDI inaukusanya, koili nyingine ndogo inaiambia CDI lini iuachie, na umeme unapita koili ya moto hadi kwenye plagi. Betri ni ya stata na taa. Ndiyo maana mashine ile ile yenye betri mfu inawaka ukiivuta kwa kamba. Kwa hiyo kabla ya kugusa spana jiulizeni: stata inazungusha au haizungushi? Kama inazungusha vizuri na mashine haiwaki, betri iacheni ilipo.

Kama haizungushi, angalieni kwanza kama gia iko huru. Ipo switi inayozuia stata mashine ikiwa kwenye gia, na ipo kwa sababu ya maana. Kisha pimeni betri kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6. Mwenzako apige stata huku unaangalia mita: ikishuka chini ya 9.6, betri au chaji yake ndiyo yenye shida. Isiposhuka na stata inagonga tu "ta!" bila kuzunguka, tafuteni kwenye vichwa vya betri, fyuzi, rilei (switi ya umeme ya stata) na waya wa athi, ule mweusi unaounganisha hasi ya betri na chuma cha mashine.

Athi ndiyo inayosahauliwa, na kuipima ni rahisi mno. Mguu mmoja wa mita uwekeni kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kichwa cha waya. Mwingine uwekeni kwenye chuma kisafi cha mashine. Pigeni stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani, kwenye waya huo mweusi au maungio yake. Fungueni, sugueni mpaka chuma king'ae, kazeni, pakeni grisi. Hakuna cha kununua hapo.

Sasa tuje kwenye kupima moto wa plagi, cheche inayoweza kuwasha mvuke wa petroli. Boti zetu ziko wazi na kwa sababu hiyo watu wanadhani mvuke wa petroli unapeperuka. Haupeperuki wote, ni mzito kuliko hewa na unalala chini ya mbao. Chomoeni mpira wa mafuta, tangi lishusheni ufukweni, subirini hewa ipite. Plagi ichomekwe kwenye kofia yake, na chuma chake kigusane vizuri na mashine, mbali na tundu ilikotoka, kabla hamjavuta kamba. Kuiacha ikining'inia hewani ili kuona moto mkubwa kunaweza kuua CDI iliyokuwa nzima, na aliyeishika atapata mshtuko wa kumkalisha chini.

Hakuna moto? Kamba ya kuzimia. Klipu yake isipokuwa mahali pake mashine itazunguka siku nzima bila kuwaka. Kama klipu ipo, switi yenyewe huenda imeingia chumvi. Mfumo huu unazima mashine kwa kuugusisha waya wa kuzimia na athi. Kwenye Yamaha nyingi waya huo ni mweupe, kwa kampuni nyingine rangi hubadilika, someni kitabu. Uchomoeni kwenye ungio lake chini ya kifuniko, kisha vuteni kamba. Moto ukirudi, kosa ni la switi au waya wake. CDI ni nzima, na fedha yako inabaki mfukoni.

Kipimo hicho kifanyike boti ikiwa imefungwa na gia ikiwa huru. Mashine ikija kuwaka huku waya umechomolewa, kitufe hakitaizima. Mtavuta choki mpaka ijae mafuta ife. Na waya urudishwe. Narudia: urudishwe.

Hapa ndipo ofisi yetu inapoingia, na naomba mnisome taratibu. Wapo manahodha wanaouacha waya umechomolewa, na wapo wanaoifunga switi kwa uzi wa nyavu ili klipu isihitajike tena. Kwao huo ni ufundi. Kwetu hicho ni chombo kisichostahili kwenda majini. Katika ukaguzi, mkaguzi atawasha mashine na kuivuta kamba hiyo mwenyewe. Mashine isipozima, hapo hapo ukaguzi umefeli, hata kama makoti ya kuokolea ni mapya na karatasi zote zimekamilika. Nahodha ataandikiwa kasoro, naye atasaini kwamba ameelezwa. Chombo hakitabeba abiria wala mzigo mpaka kasoro irekebishwe na mkaguzi aione imerekebishwa. Picha ya simu haitoshi, na barua ya fundi inasaidia lakini haichukui nafasi ya ukaguzi. Mwenye kuondoka na chombo kilichozuiwa amejitengenezea kosa la pili, zito kuliko la kwanza, na hilo haliishii mezani kwetu. Likitokea la kutokea, nahodha na mmiliki wataulizwa kila mmoja kwa nafasi yake, na karatasi ile yenye saini itasomwa. Kwa Bara mwulizeni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), kwa Zanzibar Mamlaka ya Usafiri Baharini. Msiwaulize madalali wa bandarini.

Turudi kwenye mashine. Mahali ambapo mashine kuukuu nyingi zinafia ni kwenye maungio ya waya. Vueni kifuniko, vuteni ungio moja la plastiki mlifungue: mtaona unga wa kijani umejaa kwenye pini, mwingine mgumu kama saruji. Chuneni mpira wa waya karibu na hapo. Badala ya shaba nyekundu mtakuta nyuzi nyeusi zinazokatika kwa kucha, kwa sababu maji ya chumvi yamepanda ndani ya mpira. Kukaza tepu juu yake ni kufunika uozo. Kateni mpaka mfikie shaba inayong'aa, ungeni kwa waya uliopakwa bati, zibeni kwa mpira wa kubana kwa joto. Waya wa gari wenye shaba tupu ni wa gari.

Kuna ugonjwa mmoja unaowachanganya hata mafundi wazuri. Mashine inawaka asubuhi, inakwenda nusu saa, inazima kama imekatwa. Ikipoa inawaka tena. Ufukweni mnapima kila kitu kizuri. Mara nyingi ni koili iliyopasuka ndani: ikipata joto, waya wake mwembamba unaachana. Ipimeni ikiwa ya moto, mara tu inapozima, na mlinganishe na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za kwenye kitabu. Kwa mashine ya plagi mbili iliyopungua nguvu ghafla, badilishaneni plagi kwanza, halafu koili za moto kama zinafanana, mwone kama ugonjwa unahama. CDI ni ya mwisho, tena mita ya kawaida haiwezi kuipima ipasavyo, kwa sababu inatoa umeme wa mamia ya volti kwa kufumba na kufumbua. Anayekuambia "nimeipima, imekufa" mwulize ameipima kwa kifaa gani.

Msichomoe betri mashine ikiwa inakwenda, wala msigeuze chanya na hasi hata kwa sekunde moja, rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri, itaungua. Na fyuzi iliyoandikwa 20 ibadilishwe kwa fyuzi ya 20, si kwa kipande cha waya wala karatasi ya sigara, vitu ambavyo bado tunavikuta.

Kwa mnaonunua mashine za mtumba: kabla ya kulipa, vueni kifuniko mwangalie kama waya wa kuzimia umekatwa. Muuzaji atasema ni kawaida. Mwambieni aurudishe, awashe, na azime kwa kuivuta kamba.