Abscessus yupi? Jina nusu kwenye majibu ya makohozi

Mwezi juzi nililetewa karatasi ya majibu imekunjwa mara nne, ya mama mmoja wa makamo aliyemaliza dozi ya TB miezi sita na bado anakohoa, kakonda, na makohozi yake chini ya hadubini bado yanasoma plus mbili, yaani wadudu bado wapo wengi. Alikotoka walishaanza kumwangalia kama mtu anayeruka dawa. "Daktari nimemeza zote, jirani yangu shahidi." Namwamini, maana chini kabisa ya karatasi, kwa mwandiko mdogo, kulikuwa na GeneXpert, kipimo cha vinasaba, cha kabla ya dawa: hakuna TB.

Hadubini haijui majina jamani. Inaona tu mdudu mwenye ganda la nta lililoshika rangi nyekundu, na ganda hilo ukoo mzima wa Mycobacterium wanalo, wakiwemo wale wa kwenye maji na udongo ambao kwa kawaida hata hawaambukizi mtu kwa mtu. GeneXpert inatafuta TB na ndugu zake wa karibu tu. Kwa hiyo plus huku, hakuna kule, otesha makohozi kwanza, usikimbilie kusema TB sugu.

Tukaotesha. Kalcha, yaani majibu ya kuotesha, ikarudi: Mycobacterium abscessus, nukta. Nikapiga simu maabara, abscessus yupi? Kijana akacheka, dokta kwani wapo wangapi?

Wapo watatu, nitafika. Nianze na binamu zake wa ukoo huohuo, kwanza kansasii kwa sababu ndiye mwepesi: kwenye eksirei ni TB mtupu, shimo juu ya pafu, ila rifampisini inampata vizuri na dozi ya miezi 12 humtosha wengi. Nadhani kuna watu walishapona "TB" ambayo ilikuwa kansasii, na hakuna atakayejua.

Kundi la avium ni gumu zaidi. Humo kuna avium mwenyewe, intracellulare, na chimaera aliyepewa jina lake 2004. Dawa ni zilezile, azithromaisini, ethambutoli na rifampisini, na saa ya miezi 12 inaanza kuhesabu siku kalcha iliposafika, yaani haikuota mdudu tena, siyo siku ya kidonge cha kwanza (hapa wagonjwa huwa wananikasirikia). Ila tabia zinatofautiana, intracellulare kwenye tafiti za Korea Kusini alionekana kukaa na wagonjwa waliokonda zaidi, mashimo zaidi, na anachelewa kutoka. Chimaera kwenye mapafu mara nyingi ni mpole, sifa yake mbaya aliipata kwenye mashine za kupasha na kupoza damu wakati wa upasuaji wa moyo huko Ulaya na Marekani.

Sasa abscessus. Huyu anaota ndani ya wiki, dawa za TB za kawaida hazimgusi kabisa, ndiyo maana yule mama alimeza miezi sita bure. Silaha kubwa unayotaka ni azithromaisini au klarithromaisini, na hapo ndipo ndugu watatu wanapoachana. Abscessus mwenyewe na bolletii wana jini (kipande cha vinasaba, siyo la hadithi) linaloitwa erm(41), limelala, dawa ikiingia linaamka na kuziba pale dawa inaposhika. Maabara ikisoma siku ya 3 inaandika dawa inafanya kazi, ikirudisha sahani ya kuoteshea mpaka siku ya 14 mdudu yuleyule anakua juu ya dawa kama hakuna kitu. Massiliense, ndugu wa tatu, jini hilo analo lakini limekatika, halifanyi kazi, kwa hiyo dawa inaendelea kumpiga na wagonjwa wake wanasafika kalcha mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Halafu kuna baadhi ya abscessus wenyewe ambao herufi moja tu ya jini imebadilika, nafasi ya 28, na limekufa. Yaani bila kusoma jini lenyewe au kusubiri siku 14 unabahatisha, na unabahatisha na amikasini ya sindano inayoweza kumwachia mtu uziwi.

Nikamwomba mama makohozi mengine, maana kalcha moja haitoshi kumwanzishia mtu dawa, mwongozo wa kimataifa wa 2020 unataka mbili za makohozi tofauti, mdudu anaweza kuwa wa maji ya bomba tu. Akaleta, akaniuliza, "Mjukuu wangu nilale naye?" Lala naye mama.

Ya pili ikaota vilevile. Juzi kijana wa maabara kanipigia mwenyewe, hata salamu hakumaliza: "Dokta, massiliense, siku ya 14 sahani bado safi." Jumatatu tunaanza.