Bangi na mapafu: maswali ya vijiweni

Bangi ni jani tu, halijapita kiwandani. Litadhuru vipi mapafu?
Jani lolote likiungua hutoa lami, kaboni monoksaidi (gesi yenye sumu) na kemikali zinazowasha njia za hewa. Moshi wa bangi una nyingi zilezile zilizomo kwenye tumbaku, na uvutaji wenyewe ndio unaozidisha balaa: msokoto kwa kawaida hauna kichungi, moshi unavutwa hadi chini kabisa, kisha unabanwa kifuani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1988 uliwapima watu waliozoea vyote viwili. Wakivuta bangi, lami iliyoingia ilikuwa takriban mara tatu ya ile ya sigara, na kaboni monoksaidi katika damu ilipanda karibu mara tano.

Si nikibana moshi ndipo stimu inapanda?
Kidogo mno. Sehemu kubwa ya kilevi huingia damuni ndani ya sekunde chache. Zinazobaki unaigandisha lami.

Kutoa makohozi kila asubuhi si mapafu yanajisafisha?
Hapana, ingawa vijiweni ndivyo wanavyoambiana. Moshi huharibu vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje na kuvimbisha tezi za ute. Ute unazidi, wa kuufagia hakuna, kazi yote inaachiwa kikohozi. Huo ni mkamba sugu. Wanaoacha, kikohozi na makohozi kwa kawaida hupungua.

Inaleta saratani ya mapafu?
Tafiti zilizopo hazijathibitisha, japo kemikali zinazosababisha saratani zimo. Ukichanganya na tumbaku, hatari ya tumbaku haina mjadala.

Tukipokezana msokoto, kuna ubaya?
Upo, na mate si tatizo kubwa. Kifua kikuu husambaa kwa hewa: watu wamejifungia chumbani au garini, madirisha juu, mmoja anaumwa na wote wanakohoa. Mwaka 2004 mjini Seattle, Marekani, kifua kikuu kilisambaa hivyo hivyo miongoni mwa vijana waliovutia bangi ndani ya magari yaliyofungwa. Huku kwetu ugonjwa huu bado ni mwingi, na mvutaji huchelewa kuushuku kwa sababu kikohozi amekizoea. Kikifika wiki mbili, au ukitokwa jasho usiku, ukikonda au ukikohoa damu, nenda kapime makohozi. Katika vituo vya umma vya Tanzania na Kenya kipimo na dawa ni bure. Mwambie daktari kwamba unavuta. Anauliza ili ajue atibu nini, si polisi huyo.